Maua Yaliyoota Penye Damu

Wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba askari hana haja na picha za kale. Husema kwamba askari apewe bunduki safi, viatu visivyovuja na mshahara unaofika kwa wakati, na hayo mengine yaachiwe walimu na watu wenye nafasi. Juu ya viatu na mshahara hatubishani nao hata kidogo. Juu ya picha tunabishana nao. Leo tumechagua picha mbili za Ulaya, zote mbili zikiwa zimetokana na hadithi za kale za Warumi juu ya majira ya machipuko, ili tuone kama kweli hazina neno la kumwambia mtu aliyevaa sare. Tunayatoa maoni yetu mapema ili msomaji asidhani tunamzungusha: picha moja kati ya hizo inauficha uovu kwa maua, na ya pili inayaweka maua na uovu mahali pamoja, waziwazi. Mwanajeshi na polisi wanapaswa kuijua tofauti hiyo kuliko watu wengine wote.

Sisi tunaokaa karibu na mstari wa ikweta hatuna machipuko kama wanayoyajua watu wa kaskazini. Mvua zetu huja na kuondoka, shamba hulimwa mara mbili kwa mwaka, na mgomba hauvui majani yake kwa ajili ya baridi. Huko kwao, kwa miezi kadhaa miti husimama mitupu kama nguzo, ardhi hukaza, na mtu hukaa ndani akihesabu kuni. Kisha mnamo mwezi Machi jua hurudi na kila kitu huchipua kwa ghafla. Warumi wa kale walilifanyia jambo hilo sherehe, iliyoanza mwishoni mwa Aprili na kuingia mwezi Mei, kwa heshima ya Flora, mungu wa kike wa maua. Lakini mwezi wenyewe wa Machi waliuita kwa jina la Mars, mungu wa vita, kwa kuwa majeshi yao yalitoka kwenda vitani baridi ilipokwisha. Basi kwao machipuko yalikuwa majira ya maua, na yalikuwa pia majira ya kunoa mapanga.

Hadithi tunazozizungumzia ziliandikwa na mshairi Ovidius, ambaye Kaisari Augusto alimfukuza Roma mnamo mwaka 8 baada ya Kristo, akamtupa kando ya Bahari Nyeusi. Katika utenzi wake juu ya kalenda ya Warumi, uitwao Fasti, ambao vitabu vyake 6 tu ndivyo tulivyo navyo, kuanzia Januari hadi Juni, Ovidius anampa Flora nafasi ya kujieleza mwenyewe. Flora anasema kwamba zamani hakuwa mungu wa maua. Alikuwa binti tu, jina lake Chloris. Siku moja ya machipuko alikuwa akitembea, Zephyrus, upepo wa magharibi, akamwona. Binti akakimbia. Upepo ukamfuata, nao ulikuwa na nguvu kumshinda. Baadaye Zephyrus akayafidia mabavu yake kwa kumwoa na kumpa bustani yenye maua ya kila namna, na mshairi anamtia yule mwanamke maneno kinywani kwamba katika ndoa ile hana lalamiko. Tuyakumbuke maneno hayo. Tutayarudia.

Mchoraji wa kwanza ni Sandro Botticelli wa mji wa Florence, Italia, aliyeishi tangu karibu mwaka 1445 hadi 1510. Picha yake iitwayo Primavera, yaani Machipuko, aliichora karibu mwaka 1480 juu ya mbao, kwa rangi zilizokorogwa na kiini cha yai. Si picha ndogo. Upana wake unapita mita 3 na kimo chake ni mita 2, na leo imo katika jumba la Uffizi mjini humo humo. Orodha ya mali ya mwaka 1499 inaonyesha kwamba ilikuwa katika nyumba ya tawi moja la ukoo wa Medici, matajiri wa benki walioutawala mji ule bila ya kujiita wafalme.

Yafaa kueleza hali ya mji huo katika miaka ile. Tarehe 26 Aprili 1478, ndani ya kanisa kuu, katikati ya ibada, watu waliokula njama dhidi ya Medici walimuua kwa visu Giuliano de' Medici na kumjeruhi kaka yake Lorenzo. Waliohusika wakanyongwa, wengine wakaning'inizwa madirishani. Naye Botticelli akapewa na serikali ya mji kazi ya kuchora ukutani sura za wale walionyongwa, ili kila apitaye aone. Picha zile zilifutwa mwaka 1494 Medici walipofukuzwa. Kwa hiyo mtu aliyechora bustani ya Primavera hakuwa mgeni wa damu. Mkono uliochora yale maua ndio ule ule uliochora maiti kwa amri ya serikali.

Sasa tuitazame picha yenyewe. Kuna shamba la michungwa lenye kivuli, na majani yaliyojaa maua. Wataalamu wa mimea wamehesabu maua ya aina nyingi sana humo, nayo mengi yanaweza kutajwa kwa majina. Katikati amesimama Venus, mungu wa mapenzi, akitutazama sisi. Juu yake mwanawe Cupido, aliyefungwa kitambaa machoni, anavuta upinde. Kushoto kwa mtazamaji wanawake watatu wanacheza ngoma kwa mavazi mepesi kama ukungu. Mwisho kabisa upande huo wa kushoto yupo Mercurius, kijana mwenye kofia ya vita, viatu vyenye mabawa na upanga kiunoni. Ameinua fimbo yake juu na kukifukuza kiwingu kidogo kilichotaka kuingia bustanini.

Upande wa kulia, mwisho kabisa, yupo Zephyrus. Rangi yake ni ya samawati iliyochanganyika na kijani, kama mtu aliyekufa maji. Amevimbisha mashavu, amejipenyeza katikati ya miti hata imepinda, na mikono yake imemshika Chloris. Binti amegeuza shingo kumtazama kwa hofu, miguu yake ingali inakimbia, na kinywani mwake yanatoka maua. Hatua moja mbele yake amesimama Flora, yaani ni yeye yule binti, sasa amekwisha kuolewa, amevaa gauni lenye maua mengi, anatabasamu na kutawanya mawaridi. Mchoraji ameyaweka matukio mawili kando kwa kando, kukamatwa na kutukuzwa, na katikati yake hakuweka kitu chochote.

Hatubishi kwamba picha hii ni nzuri, tena kwa uzuri huenda Ulaya nzima haijapata kuipita. Lakini tumwangalie huyo mwenye upanga. Wataalamu wengi wanakubali kwamba Mercurius amewekwa pale kama mlinzi wa bustani. Basi mlinzi huyu yuko wapi na anatazama wapi? Yuko ukingo wa kushoto, na jinai inatendeka ukingo wa kulia. Amewapa wenzake wote mgongo. Silaha anayo, nguvu anazo, sare yake imemkaa vizuri, naye anashughulika na kiwingu! Askari yeyote aliyepata kushika zamu anajua koplo angesema nini juu ya mlinzi wa namna hiyo. Na si yeye peke yake. Venus anatazama mbele, wacheza ngoma wanatazamana, Cupido hana macho. Katika bustani nzima hakuna hata mmoja anayemtazama binti.

Hapa ndipo tunapowageukia ndugu zetu wa polisi. Yale maneno ya Ovidius, kwamba mwanamke alikwisha kuolewa na kwa hiyo hana lalamiko, hayakuishia Roma. Yanasemwa hadi leo mbele ya kaunta za vituo vyetu. Anakuja msichana na mama yake, nguo imechanika, naye hawezi kusema sawasawa. Kabla kitabu cha taarifa hakijafunguliwa, mjomba au mwenyekiti wa kijiji amekwisha kufika na ujumbe kwamba wazee wamekaa, mbuzi wametajwa, kijana yuko tayari kuoa. Askari aliyechoka huona jambo limepata dawa. Huandika kwamba pande zote mbili zimepatana, au haandiki chochote. Mabavu yamefidiwa kwa ndoa, kama upepo ulivyofidia kwa bustani. Tunasema bila kuficha: askari huyo ni Mercurius anayechezea kiwingu. Kosa la jinai ni dhidi ya dola, wala si mali ya mjomba hata aliuze kwa mbuzi. Na yule asemaye kwamba binti mwenyewe amenyamaza, na aitazame tena ile picha. Kinywa cha Chloris kimejaa maua. Atasemaje?

Pengine Botticelli alikusudia tuone hivyo. Hofu iliyo katika uso wa binti yule imechorwa kwa uangalifu mno. Lakini maua yamemzidi nguvu, na kwa miaka zaidi ya 500 watu wamesimama mbele ya picha ile na kutabasamu.

(Katika jumba la picha mjini London kuna picha nyingine ya Botticelli, na wapiganaji watatusamehe tukiitaja kwa kucheka kidogo. Humo Mars, mungu wa vita mwenyewe, amelala fofofo mbele ya Venus, kinywa wazi, na vitoto vyenye miguu ya mbuzi vimemwibia mkuki na kofia ya chuma na vinavichezea, kimoja kikimpigia kombe la baharini sikioni. Hata hivyo haamki. Tungependa nakala yake ibandikwe katika kila ghala ya silaha.)

Mchoraji wa pili ni Nicolas Poussin, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1594 katika Normandy, akaenda Roma mwaka 1624 na kufia huko mwaka 1665. Picha yake, Himaya ya Flora, aliichora mwaka 1631 kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa, nayo imo katika jumba la picha la Dresden, Ujerumani. Ni ndogo kuliko ile ya kwanza, upana wake mita 1 na sentimita 81. Chanzo chake kikubwa ni kisima kile kile cha Ovidius. Lakini Poussin alichota mahali pengine. Hakuuliza Flora alipatikanaje. Aliuliza maua yalipatikanaje, na jibu la hadithi za kale ni kwamba mengi yao yalikuwa watu kwanza.

Basi katikati ya picha Flora anacheza ngoma katika bustani yake, anamwaga maua, na watoto wenye mabawa wanazunguka kwa furaha. Juu mbinguni Apollo anaendesha gari la jua. Na pande zote wamekaa wale waliokufa wakawa maua. Narcissus ameinamia chungu cha maji akiipenda sura yake mwenyewe. Clytie amelikazia macho jua, ambalo alilipenda nalo halikumtaka, naye kwa wivu akamchongea mwenzake hata huyo mwenzake akafukiwa hai (na polisi wanawajua watoa habari wa namna hiyo). Kulia yupo Adonis na mbwa wake wa kuwinda, akilitazama jeraha la pajani alilotiwa na nguruwe-mwitu baada ya kupuuza onyo. Karibu naye ni Hyacinthus, mkono wake ukiwa kichwani, pale alipopigwa na kisahani cha chuma kilichorushwa na rafiki yake Apollo katika michezo. Ni ajali ya mazoezini, kama zile ambazo maafisa huziandikia ripoti kwa mkono mzito. Wengine katika watu wa kale walisimulia kwamba kisahani kile kilipotoshwa njia na Zephyrus kwa wivu, yaani upepo ule ule wa Botticelli.

Na kushoto yupo askari. Ndiye Ajax, shujaa wa Wagiriki katika vita vya Troya, mtu aliyekuwa kama ukuta. Achilles alipokufa, silaha zake zilitolewa ziwe tuzo, na Ajax aliamini ni zake kwa haki. Wakubwa wakampa Odysseus, mtu wa maneno. Ajax akarukwa na akili, akaingia katika mifugo na kuichinja akidhani anawachinja maadui zake, na fahamu zilipomrudia aibu ikamshinda. Poussin amemchora uchi, akijiangusha juu ya upanga wake. Katika bustani ya machipuko, palipo na ngoma na watoto wanaocheza, mtu wa kwanza anayepokea macho yetu tukianza kushoto ni mwanajeshi anayejiua.

Tumezitazama nakala za picha hii kwa muda mrefu, na hatukumwona hata mmoja miongoni mwa wale vijana anayemgeukia Ajax. Narcissus anatazama maji, Clytie jua, Adonis paja lake. Kila mmoja yumo katika msiba wake. Hata hivyo tofauti na picha ya Botticelli ni kubwa, kwa kuwa hapa mchoraji mwenyewe hakugeuka. Hakuufunika upanga kwa majani. Hakumvisha marehemu gauni. Ameacha majeraha yaonekane yote, kisha akayaweka maua kando yake, ili atazamaye ajue kila ua limetoka wapi.

Sisi hatumwoni Ajax kuwa mtu wa zamani sana. Katika kila jeshi duniani yupo mtu aliyengojea cheo au nishani, ikapewa mwingine, pengine kwa haki na pengine bila haki. Hunyamaza. Huacha kula pamoja na wenzake. Huzisafisha silaha zake kwa uangalifu usio wa kawaida. Watu husema ni mkali, au analewa, au mkewe amemwudhi. Kisha siku moja risasi husikika nyuma ya bweni, au, vibaya zaidi, husikika mle mle bwenini, kwa kuwa si kila Ajax hukutana na kondoo tu. Baada ya hapo huja bendera na matanga, na hotuba inayosema marehemu alikuwa hodari. Hayo ndiyo maua. Laiti sajini wake angekaa naye jioni tatu kabla ya hapo, akamwuliza habari zake na kumwondoa katika zamu ya silaha, akampeleka kwa daktari au kwa padre au kwa shehe bila kumtangaza! Hilo si jambo la kike wala la kizungu. Ni ulinzi wa kikosi, kama kuchimba handaki.

Kwa hiyo tukiulizwa ni picha ipi tungeitundika katika bwalo la askari, tungejibu ya Poussin, ingawa tunajua ya Botticelli ingetundikwa na wengi. Wapo watakaotupinga kwamba picha ya machipuko yenye mtu anayejiua si ya kumburudisha askari aliyetoka mpakani. Hatuyadharau maneno hayo. Lakini askari aliyetoka mpakani amekwisha kuona. Anayemwonyesha maua matupu anamwambia, kwa adabu nyingi, kwamba yale aliyoyaona yasitajwe.

Historia ya picha ya Poussin ina jambo moja ambalo wapelelezi wetu watalipenda. Aliyeinunua alikuwa Fabrizio Valguarnera, bwana wa Sicilia, mwenye heshima na mavazi ya hariri. Katika mwaka 1631 alikamatwa Roma. Ilionekana kwamba alihusika na wizi wa almasi zilizoibwa Hispania, naye alikuwa akizigeuza mali yake ziwe picha kwa haraka, akinunua kwa wachoraji wengi. Poussin aliitwa kutoa ushahidi juu ya picha alizomwuzia, na kwa ajili ya kumbukumbu za kesi hiyo sisi tunajua leo kwa hakika picha hii ilichorwa mwaka gani. Picha ya pili aliyomwuzia ilikuwa ya tauni, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watu wa kaskazini mwa Italia katika miaka ile ile. Valguarnera alifia gerezani mwaka 1632. Kugeuza mali ya wizi iwe kitu cha kupendeza ukutani si ujanja uliobuniwa na wakubwa wa zama zetu. Na karani wa mahakama aliyeandika vizuri karne 4 zilizopita angali anatufaa.

Picha zote mbili zilipita katika vita vya pili vya dunia, na katika vita hivyo zilikutana na askari wa kweli. Mji wa Dresden uliteketezwa kwa mabomu ya ndege mwezi Februari 1945, na jumba la picha likavunjika. Picha nyingi za jumba hilo zilikuwa zimehamishwa kabla. Jeshi la Kisovieti likazichukua hadi kwake, na mwaka 1955 zikaanza kurudishwa.

Primavera nayo ilitolewa Florence na kufichwa pamoja na picha nyingine nyingi katika ngome ya Montegufoni, nje ya mji. Majira ya joto ya mwaka 1944, wakati ambapo wazee wetu wa K.A.R. walikuwa wakipigana Burma, vita viliifikia ngome hiyo. Waliofika na kuikuta picha walikuwa watu waliotoka mbali na maua ya Ulaya kama sisi: wanajeshi wa Kihindi wa kikosi cha Mahratta, chini ya Divisheni ya 8 ya Kihindi. Mizinga ilikuwa ikilia karibu, raia waliokimbia makwao wamejaa vyumbani, na ile bustani ya michungwa imeegemezwa ukutani kama mlango uliong'olewa. Hatujui kama kuna mmoja wao aliyewahi kusikia jina la Botticelli kabla ya siku ile. Waliwekwa lindo mle ndani, nao walilinda.